Kambi ya macho ikishaondoka, nani anamfuata mtoto?

Jumamosi ya kambi ya macho huanza mapema kuliko tangazo linavyosema. Limeandikwa saa 3 asubuhi, lakini saa 12 na nusu benchi za darasa la pili zimeshajaa, wengi wao wazee, wengine wametoka vijiji vya jirani wakiwa watatu kwenye bodaboda moja. Wanachama wa klabu wanafika na magari yao, wanashusha meza za plastiki, katoni za maji, maboksi ya miwani, na lile bango lenye nembo ambalo kulifunga huchukua muda kuliko kazi nyingine zote za asubuhi. Ukutani hubandikwa chati ya herufi E zinazotazama kila upande. Hiyo ni kwa ajili ya wasiojua kusoma na watoto wadogo: mtu anaonyesha kwa vidole tu herufi imeelekea wapi.

Watu wa klabu wenyewe si madaktari. Ni mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mhasibu, mwalimu mstaafu, wakala wa bima, binti wa chuo aliyeletwa na rafiki yake. Kazi yao ni kuandika majina, kupanga foleni, kushika mikono ya wazee wasioona vizuri ngazi, na kugawa maji. Kupima ni kazi ya wauguzi wa macho na wataalamu wa miwani walioombwa kutoka hospitalini. Kambi ikiwa imepangwa vizuri mipaka hiyo inaonekana. Ikipangwa vibaya, mwenye duka ndiye anayeonekana akimvalisha bibi miwani ya kwanza iliyotoka kwenye boksi na kumuuliza kama anaona.

Na karibu kila kambi ina dakika moja inayofanana na hii.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Mimi shida yangu sindano. Kutunga uzi mpaka niite watoto wa jirani."

Hilo ni jambo dogo. Mtu akivuka miaka 40 jicho hupoteza polepole uwezo wa kuona vitu vya karibu, na miwani ya kusomea inatosha. Bibi anajaribu jozi mbili tatu, anaangalia mistari ya kiganja chake, anacheka. Anainuka. Ndipo mtoto aliyembeba mgongoni anapogeuza uso kuelekea dirishani, na muuguzi anaona kitu cheupe katikati ya mboni.

"Na huyu, bibi?"

"Huyu alizaliwa nacho. Wanasema akikua kitatoka."

Kalamu inawekwa chini. Tangu hapo kambi nzima, pamoja na bango lake, inapimwa kwa kitakachotokea kwa mtoto huyo, kwa sababu hapo shuleni hakuna anayeweza kumtibu. Mtu mzima mwenye mtoto wa jicho hufanyiwa upasuaji kwa ganzi ya jicho tu, na siku hiyo hiyo au kesho yake anarudi nyumbani. Mtoto mdogo hatulii. Anahitaji usingizi kamili wa dawa, chumba cha upasuaji kilichoandaliwa kwa ajili ya watoto, na daktari wa macho mwenye uzoefu na watoto. Huduma hiyo inapatikana katika hospitali chache, kama KCMC mjini Moshi, Muhimbili na CCBRT jijini Dar es Salaam. Bibi ametoka nyumbani kutafuta miwani ya kutungia uzi, sasa anapewa barua ya rufaa ya kwenda mji ambao huenda hajawahi kuukanyaga.

Wazazi wengi hudhani jicho la mtoto linaweza kusubiri kama la mzee linavyosubiri. Haliwezi. Mzee aliyekaa miaka 3 na mtoto wa jicho akifanyiwa upasuaji anaona tena, kwa sababu ubongo wake ulishajifunza kuona zamani. Ubongo wa mtoto unajifunza kuona katika miaka ya mwanzo ya maisha, na unajifunza kwa kupokea picha safi kutoka kwenye macho yote mawili. Jicho likizibwa, njia yake kuelekea kwenye ubongo haijengeki sawasawa. Wataalamu wanaliita jicho vivu. Kwa hiyo mtoto akiletwa akiwa na miaka 8 au 9, daktari anaweza kuondoa ukungu wote, jicho likawa safi kabisa, na mtoto bado asione vizuri. Aliyezaliwa na ukungu mzito macho yote mawili hutakiwa kufanyiwa upasuaji ndani ya wiki au miezi michache ya kwanza. Hiyo "akikua kitatoka" ndiyo sentensi inayowagharimu watoto macho yao, na kwa kawaida husemwa na watu wanaowapenda.

Weupe kwenye mboni una maana nyingine pia, mbaya zaidi. Unaweza kuwa dalili ya saratani ya jicho inayowapata watoto wadogo, wengi wao chini ya miaka 5. Ikigunduliwa mapema inatibika, wakati mwingine kwa kuliondoa jicho ili kumwokoa mtoto. Ikichelewa huenea hadi kwenye ubongo na kuua. Kwa macho ya mzazi magonjwa haya mawili yanafanana, na si kazi yake kuyatofautisha. Kazi yake ni kumpeleka mtoto wiki hiyo hiyo.

Hapa simu iliyo mkononi mwa mzazi inasaidia kuliko kambi. Picha ya mtoto iliyopigwa kwa mwanga wa kamera, akiangalia mbele, mara nyingi huonyesha mboni nyekundu au nyeusi. Jicho moja likitoa mng'ao mweupe au wa njano picha baada ya picha, ni sababu ya kwenda hospitali na picha hizo. Si kila mng'ao mweupe ni ugonjwa. Pembe ya kamera nayo huleta. Lakini kuangaliwa na daktari na kuambiwa hakuna kitu si hasara. Mtoto mwenye makengeza yasiyoisha baada ya miezi michache ya mwanzo, asiyefuata uso wa mama kwa macho, au ambaye macho yanachezacheza yenyewe, naye aangaliwe.

Turudi kwa klabu, maana swali ni la kwao pia.

Vikundi vya namna hii vina historia ndefu. Rotary ilianzishwa mjini Chicago mwaka 1905 na wakili Paul Harris, na kazi yake ya kwanza ya kijamii haikuwa na fahari yoyote: ilishinikiza kujengwa kwa vyoo vya umma mjini humo. Nairobi ilipata klabu yake ya Rotary mwaka 1930. Lions nayo ilizaliwa Chicago, mwaka 1917, kwa wazo la Melvin Jones, mtu wa bima. Uhusiano wake na macho ulianza mwaka 1925, Helen Keller aliposimama mbele ya mkutano wao huko Cedar Point, Ohio. Keller alipoteza kuona na kusikia akiwa na miezi 19. Aliwaomba wanachama wale wawe mashujaa wa wasioona. Karibu miaka 100 baadaye, mtu akikuta kambi ya macho shuleni Tanzania, kuna uwezekano mzuri kwamba nyuma yake kuna Lions, au klabu iliyoiga njia hiyo. Wenzao wa Rotary walichagua polio. Mwaka 1985 walianza kuchanga kwa ajili ya chanjo, na mwaka 1988, ugonjwa huo ulipokuwa ukikadiriwa kupooza watoto 350,000 kwa mwaka duniani, wakaungana na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na wengine. Agosti 25, 2020 ukanda wa Afrika ulitangazwa kuwa huru dhidi ya virusi vya asili vya polio. Mwaka 2022 virusi hivyo vikaonekana Malawi, vikihusishwa na aina inayopatikana Pakistan, na ndiyo maana wachanjaji walipita nyumba kwa nyumba Tanzania mwaka huo wakiwadondoshea matone hata watoto waliokwisha kuchanjwa. Wazazi wengi walilalamika. Sababu ilikuwa hiyo.

Wanawake walianza kupokewa kama wanachama kamili katika klabu hizi mbili mwaka 1987. Tofauti inaonekana kwenye foleni za kambi: mama aliyelea ndiye anayejua kumuuliza bibi kuhusu mtoto wa mgongoni.

Sasa pesa. Klabu inaishi kwa michango, na Watanzania ni watu wa michango: harusi, kipaimara, msiba, kitchen party, ubarikio. Kadi ya mchango wa harusi ikifika kwenye simu watu hulalamika na kutoa. Ya klabu ikifika, ya matembezi ya hisani au chakula cha jioni au bahati nasibu, wengi hunyamaza, au hutoa bila kuuliza lolote. Kuuliza kungewasaidia wote wawili, anayetoa na klabu.

Lions wana kanuni ambayo kila kikundi cha mtaani kingeweza kuiazima bila gharama. Klabu hutunza hesabu mbili. Ya kwanza ni ya uendeshaji: ada za wanachama, chai ya mikutano, karatasi, safari zao. Ya pili ni ya huduma, na humo ndimo inamoingia pesa yote iliyotoka kwa umma. Pesa ya umma inarudi kwa umma, ikiondolewa tu gharama halisi za shughuli iliyoichangisha. Wanachama hujilipia chai yao. Kikundi kinachochanganya hesabu hizo kinaweza kuwa na watu waaminifu kabisa na bado, mwaka ukiisha, mweka hazina asiweze kueleza mchango wa mama muuza genge ulinunua nini.

Gharama halisi za shughuli nazo zina mjadala wake. Tuseme klabu imeandaa matembezi ya hisani na kuchapa fulana 150, kila moja shilingi 10,000. Hiyo ni milioni moja na nusu kabla hata ya maji, muziki na bango. Fulana zina kazi yake. Bila fulana watu hawaji, na mfadhili anataka kuona nembo yake mgongoni mwa mtu. Lakini ikifika jioni fedha iliyobaki ni ndogo kuliko ya fulana, matembezi yale yalikuwa mazoezi ya viungo. Klabu nzuri husema wazi: tulikusanya kiasi hiki, tulitumia kiasi hiki kukusanya, kilichobaki kimefanya hiki. Husema hivyo kwenye kundi lile lile la WhatsApp ambako iliomba.

Mzazi anayeombwa mchango kwa simu ana mambo machache ya kuangalia kabla ya kubonyeza namba ya siri. Jina linalotokea kwenye simu wakati wa kutuma liwe la klabu au la mtu anayefahamika kuwa mweka hazina, si la mgeni. Klabu iliyosajiliwa, iwe kwa Msajili wa Jumuiya katika Wizara ya Mambo ya Ndani au kama shirika lisilo la kiserikali, haikasiriki ikiombwa namba ya usajili. Na picha ya mtoto mgonjwa inayosambazwa na namba ya simu peke yake, bila hospitali wala jina la mtu wa kuuliza, iachwe hadi mtu athibitishe. Matapeli wanajua kwamba jicho la mtoto linafungua pochi haraka.

Picha ni jambo jingine. Ni hapa klabu nyingi, hata zile nzuri, hukosea. Mtoto anapewa miwani, mwenyekiti anainama pembeni yake, kamera inalia, na jioni uso wa mtoto uko kwenye kurasa za klabu ukiwa na maneno kuhusu umaskini wa familia yake. Mtoto huyo ataanza sekondari siku moja na wenzake watakuwa na simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya na za watoto kuwa nyeti. Mzazi ana haki ya kusema hapana kwa picha na bado mwanawe apimwe. Haki hiyo ni ngumu kuitumia mbele ya mtu aliyekuletea msaada, na ndiyo sababu inafaa klabu iulize kabla ya huduma, kwa karatasi, na si baada ya miwani kuvalishwa wakati watu wote wanatabasamu. Picha ya mikono inayochagua miwani inatosha sana kwa mfadhili.

Bibi na barua yake bado wako kwenye benchi.

Sera ya Tanzania inasema mtoto chini ya miaka 5 hatozwi katika vituo vya afya vya serikali. Sera hailipi nauli. Hailipi chakula cha anayemuuguza, wala mahali pa kulala, wala siku ambazo genge litakuwa limefungwa. Na haiondoi kikwazo kikubwa kuliko vyote, ambacho ni idhini: bibi hawezi kuamua peke yake mjukuu akapasuliwe jicho wakati mama yake anafanya kazi za ndani mjini na baba anasema mambo ya hospitali wasubiri hadi mavuno. Wataalamu waliowahoji wazazi mkoani Kilimanjaro kuhusu watoto waliocheleweshwa wamekuta mambo ya aina hiyo hiyo: umbali, pesa, nani mwenye kauli nyumbani, na hata wahudumu wa vituo vidogo waliowaambia wazazi wasubiri.

Klabu inayojua kazi yake huanza kupiga simu hapo hapo. Binti wa chuo anachukua namba ya mama, namba ya baba na namba ya mwenyekiti wa kitongoji. Mwalimu mstaafu anaongea na baba, kwa sababu baba atamsikiliza mwalimu. Mweka hazina anaandika nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi, kutoka hesabu ya pili. Kazi hii haipigwi picha, na ni hapa mwanachama mmoja mwenye subira anakuwa na thamani kuliko boksi zima la miwani.

Upasuaji wenyewe si mwisho. Lenzi ya asili ikishaondolewa, mtoto huhitaji miwani, hata kama amewekewa ya bandia. Mara nyingi jicho zuri hufunikwa saa kadhaa kila siku ili lile vivu lilazimike kufanya kazi, na mtoto wa miaka 2 hupigana na kitambaa hicho kwa nguvu zake zote. Kuna kurudi kliniki tena na tena kwa miaka. Kichwa kinakua, miwani inabana, lenzi zinabadilika. Wengi hupotea hapa. Familia iliyojikamua kwa safari ya kwanza inaona mtoto sasa anaokota punje ya mchele sakafuni, inashukuru, na hairudi tena.

Wakati huo huo kuna mambo ya nyumbani ambayo hayangoji klabu. Matone ya vitamini A hutolewa kila baada ya miezi 6 kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, na Tanzania hufanya kampeni zake Juni na Desemba. Upungufu wake huharibu kioo cha jicho. Surua nayo hupofusha. Rubela ikimpata mjamzito inaweza kumfanya mtoto azaliwe na mtoto wa jicho, na chanjo ya surua na rubela, inayotolewa hapa tangu mwaka 2014, huchomwa mtoto akiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Maziwa ya mama, maji ya majani na dawa za unga zisiwekwe jichoni hata kama jirani anaapa zilimponya mwanawe. Na miwani haiharibu macho ya mtoto. Uvumi huo una nguvu kiasi kwamba kuna watoto wanaovua miwani wakifika kona ya nyumbani, kwa kuwa shangazi hataki kuiona.

Mzazi anayetaka kujiunga na klabu ya mtaa wake asitishwe na suti za mwenyekiti. Klabu nyingi zina matawi ya vijana, Leo kwa Lions na Rotaract kwa Rotary, na karibu zote zina upungufu wa mtu mmoja: yule anayekumbuka kupiga simu Jumatatu. Asiyetaka kujiunga anaweza kuhudhuria mkutano wa mapato na matumizi na kuuliza watoto waliopewa rufaa kwenye kambi iliyopita walikuwa wangapi, waliofika hospitali ni wangapi, na wangapi wamerudi kliniki. Kama hakuna anayejua, wanaweza kuanza na kambi ijayo, kwa daftari la shilingi elfu mbili.

Miezi michache baadaye mtoto wa bibi ana miwani minene iliyofungwa kisogoni kwa lastiki. Wiki ya kwanza anaitupa chini kila anapovalishwa, na bibi anaiokota, anaifuta kwa kanga, anamvalisha tena. Siku moja asubuhi anaamka, anapapasa mkekani, na kulia mpaka apewe. Kwenye mkutano wa klabu mwezi huo kuna mstari mpya kwenye bajeti, juu kidogo ya fulana: nauli za kliniki, na miwani ya pili.